Namna Ninavyopima Ukomavu wa Mfumo wa Kompyuta Kazini

Mlima Nyiragongo ulipolipuka usiku wa tarehe 22 Mei 2021, nilikuwa msimamizi wa kompyuta katika shirika moja hapa Goma. Tarehe 27 ilipotolewa amri ya kuhama, tulishika njia ya Sake na watoto na magodoro, huku seva, yaani kompyuta kuu yenye mafaili yetu yote, ikibaki ofisini pamoja na nakala zake za akiba, zilizokuwa kwenye diski ndani ya kabati lile lile. Miezi michache kabla, mimi mwenyewe nilikuwa nimejaza fomu ya tathmini ya ukomavu wa mfumo wetu na kuipa ofisi yetu ngazi ya tatu kati ya tano.

Ngazi hizo zinatokana na modeli ya CMM (Capability Maturity Model), yaani kipimo cha ukomavu wa utaratibu wa kazi, iliyoanza kutungwa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1980. Katika ngazi ya kwanza kazi hutegemea juhudi za mtu binafsi. Katika ya pili inaweza kurudiwa. Katika ya tatu utaratibu umeandikwa na wote wanaufuata. Katika ya nne hupimwa kwa takwimu. Na katika ya tano huboreshwa daima. Kipimo chenyewe ni kizuri. Kosa langu ni kwamba utaratibu niliouandika hakuna mwingine aliyewahi kuusoma.

Tangu hapo, nikiitwa kutathmini ofisi, siulizi kama nakala zipo; naomba nioneshwe faili likirudishwa. Mahali pamoja mama mhasibu alichagua orodha ya mishahara ya Machi, nami nikatazama saa. Diski ilidai neno la siri, na aliyelijua alikuwa amekwisha kuhamia Bukavu. Zilipita dakika arobaini za kupiga simu, kisha mama akaniuliza kwa sauti ya chini, «Papa, kwa hiyo siku zote hizi hatukuwa na kitu?» Niliandika ngazi ya kwanza, ingawa seva yao ilikuwa mpya kabisa.

Umeme nao nauchunguza kwa macho: baada ya kuwaonya wote wahifadhi kazi zao, tunazima swichi kuu na kuhesabu dakika ambazo onduleri, yaani kifaa cha betri kinachoshika kompyuta umeme ukikatika, inavumilia, kwa kuwa betri zake za madini ya risasi huchoka baada ya miaka mitatu hadi mitano hata kama taa ya kijani bado inawaka. Orodha ya vifaa, leseni, na akaunti za walioacha kazi ambazo bado ziko wazi hukaguliwa kwa nusu siku.

Nawasihi wakurugenzi wasidai alama moja ya wastani. Ofisi yenye ngazi ya nne kwa mtandao na ya kwanza kwa nakala za akiba itaandikiwa mbili na nusu, na hakuna atakayeona kwamba mishahara ya miaka yote iko hatarini.

Kwetu, diski ya pili, iliyofungwa kwa neno la siri wanalolijua watu watatu, ilianza kuvuka Ziwa Kivu kwa boti kila Ijumaa kwenda Bukavu, na kila mwezi mhasibu wetu ndiye aliyechagua faili la kurudisha.