Swali la lugha: "Kupunguza picha" ni kufanya nini?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nipo Mtwara mjini, najifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Nimeandika programu ya kunakili picha za vinyago vya mjomba na kuzifanya ndogo, tuwatumie wateja kwa WhatsApp. Kwenye kitufe niliandika "Punguza picha". Binamu yangu akagoma kubonyeza, akidhani picha nyingine zitafutwa. Nani kakosea? Na je, niseme kunakili, kukopi au kutoa kivuli?

Jibu: Marahaba. Binamu yako hajakosea, mpe soda.

Kitenzi "punguza" kinataka kijulikane kinachopungua. Ukimwambia muuza pweza "punguza", anashusha bei, hakati mkono mmoja wa pweza. Lakini kikifuatwa na vitu vinavyohesabika, kwanza tunasikia idadi. Kiwanda kikitangaza kupunguza wafanyakazi, hakuna anayedhani watafupishwa kimo. Na "picha" nalo halikusaidii, maana umbo lake ni lilelile katika umoja na wingi: picha hii, picha hizi. Binamu alisoma Kiswahili kama kilivyo.

Taja basi kinachopungua. Wengi hukimbilia "ukubwa", nami silipendi hapa, kwa kuwa linabeba mambo mawili. Kuna vipimo, yaani idadi ya pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) kwa upana na urefu. (Ni pikseli hii, pikseli hizi, "mapikseli" tuyaache.) Picha ya 4000 kwa 3000 ina pikseli 12,000,000, ukiishusha hadi 800 kwa 600 zinabaki 480,000, sehemu moja kati ya 25. Halafu kuna uzito, yaani nafasi ambayo faili inakula kwenye simu. Vipimo vikishuka, kwa kawaida uzito nao hushuka, ila unaweza kupunguza uzito bila kugusa vipimo, kwa kuhifadhi JPEG (aina ya faili ya picha) kwa ubora wa chini. Mteja mwenye bando dogo anajali uzito. Watu wenyewe husema "picha nzito", na wamesema vizuri.

Kwa upande wa pili, mafundi wa studio walishatuachia "kukuza picha". Litumie. Ukibadilisha upana bila kugusa urefu, hapo hujakuza wala hujapunguza: umeivuta picha. Kwa vinyago vya mashetani vya Kimakonde ni hatari zaidi, kwani vingi vimerefuka na kujipinda tangu mikononi mwa mchongaji, na mteja hatajua kama ni sanaa au ni programu yako.

Sasa kunakili. "Kukopi" ni la mazungumzo, sina ugomvi nalo. "Kivuli" ndilo linalonichekesha. Ofisini ukiambiwa ulete kivuli cha cheti, wanataka fotokopi, na fotokopi haibadiliki hata cheti kikiungua. Kivuli chenyewe sivyo kilivyo: ukiinama, kinainama. Kwenye Python, a ikiwa ni picha, ukiandika "b = a", umepata kivuli cha namna hiyo hasa. Picha ni moja, majina mawili. Ukichora mstari mwekundu kwenye b, a nayo ina mstari. Ukitaka kitu cha pili kinachojitegemea, andika "b = a.copy()", na hiyo ndiyo nakala. Kwa hiyo katika maelezo yako sema "nakala", na "kivuli" ukiache kwenye masuala ya vyeti.

Hapo kitenzi chako kinapata kazi nyingine. Kama unatumia Pillow, yaani maktaba ya Python ya kushughulikia picha, amri ya "resize" haiipunguzi picha uliyonayo. Inakupa picha mpya yenye vipimo vipya, ya zamani inabaki ilivyo. Amri ya "thumbnail" ndiyo inayopunguza vipimo vya picha yenyewe, ikilinda uwiano wa upana na urefu. Ya kwanza inatoa nakala ndogo, ya pili inapunguza, na msomaji wa kitufe ana haki ya kujua ni ipi.

Kama umetumia "resize" na kuhifadhi kwa jina jipya la faili, andika "Toa nakala ndogo". Kama unahifadhi juu ya faili ileile, kitufe kisome "Punguza vipimo vya picha hii", na chini yake useme wazi kwamba picha ya awali haitarudi. Ila mjomba akiwa hana nakala nyingine ya picha hizo, ningekushauri ubadilishe programu kabla ya kubadilisha maneno.