Nani Apewe Kiti cha Meneja Mkuu? Wasomaji wa Kanda ya Ziwa Wauliza

SWALI: Ndugu Mjibu Maswali, mimi ni mfanyabiashara wa dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Kazi yetu huanza kabla hakujapambazuka, na kwa sababu hiyo mechi za besiboli zinazochezwa jioni katika pwani ya magharibi ya Marekani hutukuta tumeshaamka, maana kule ikiwa jioni huku ni karibu saa kumi na moja alfajiri. Kwa kuzitazama kwenye simu, tumejikuta tuna kijiwe kizima cha mashabiki wa San Francisco Giants. Ubishi wetu mkubwa hauhusu wachezaji bali ofisi. Mwaka 2024 klabu ilimwondoa Farhan Zaidi, msomi wa uchumi, ikamweka Buster Posey, aliyekuwa mdakaji wake mashuhuri, na tangu hapo kila kiti cha meneja mkuu kinapokuwa wazi katika klabu yoyote tunagawanyika makundi matatu. Wapo wanaosema kiti ni cha aliyewahi kucheza, wapo wanaosema ni cha mtu wa hesabu, na wapo wanaosema achukuliwe naibu kutoka klabu yenye makombe. Mimi nipo katika kundi hili la tatu. Nani kati yetu ana hoja?
Msomaji, Kirumba, Mwanza

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya kuwapima wagombea ni vizuri tukubaliane kwanza kuhusu kazi yenyewe. Katika besiboli ya Marekani kocha mkuu ndiye anayeamua nani aanze kurusha mpira leo na nani atolewe, lakini meneja mkuu ndiye anayeamua nani awemo katika chumba cha kubadilishia nguo. Yeye husimamia mikataba, kubadilishana wachezaji na klabu nyingine, kuchagua chipukizi kila mwaka, kuendesha timu za madaraja ya chini na kugawa bajeti. Msimu una mechi 162, kikosi cha mechi kina wachezaji 26 na orodha pana ina wachezaji 40, na mlango wa kubadilishana wachezaji hufungwa karibu na mwisho wa Julai. Katika klabu zetu nyingi za soka kazi hii imegawanywa kati ya mwenyekiti, katibu na kamati ya usajili, na ndiyo maana usajili unapoharibika huwa ni vigumu kumpata wa kumuuliza.

Wanaosimama na wachezaji wa zamani wana mfano mzuri ambao pengine hawaujui, nao ni Billy Beane, yule yule anayetajwa kila mara kuwa baba wa watu wa hesabu. Beane alichaguliwa na New York Mets katika raundi ya kwanza mwaka 1980, akashindwa kung'ara uwanjani, na mwaka 1990 akaomba kazi ya kusaka vipaji katika klabu ya Oakland, ambako mwaka 1997 alikabidhiwa kiti cha meneja mkuu. Mwaka 2002 Oakland ilishinda mechi 103, zikiwemo 20 mfululizo, ikiwa na bajeti ya mishahara ya takriban dola milioni 40 huku New York Yankees ikitumia zaidi ya mara tatu ya kiasi hicho. Kwa upande mwingine yupo Dave Stewart, mrushaji aliyeheshimika sana enzi zake, aliyeongoza Arizona Diamondbacks kuanzia mwaka 2014. Mwezi Desemba 2015 klabu yake ilimtoa Dansby Swanson, aliyekuwa amechaguliwa wa kwanza kabisa miongoni mwa chipukizi wa mwaka huo, pamoja na Ender Inciarte na mrushaji chipukizi, ili kumpata hasa mrushaji Shelby Miller. Msimu uliofuata Miller alishinda mechi 3 na kupoteza 12, na Stewart akaondolewa. Wote wawili waliwahi kuvaa jezi, na jezi hiyo haikutuambia lolote kuhusu namna ambavyo wangeamua wakiwa ofisini.

Kundi la hesabu nalo lina mashujaa wake. Theo Epstein, msomi wa Yale ambaye hakuwahi kucheza besiboli ya kulipwa, alikabidhiwa Boston Red Sox mwishoni mwa mwaka 2002 akiwa na umri wa miaka 28, baada ya Beane kukikubali kiti hicho kisha akaghairi. Mwaka 2004 Boston ilitwaa ubingwa wa World Series ambao haikuwa imeuonja tangu mwaka 1918, na mwaka 2016, akiwa Chicago Cubs, Epstein aliwaondolea mashabiki wengine kiu iliyoanza baada ya ubingwa wa mwaka 1908. (Mashabiki wa Pamba Jiji, ambao walisubiri zaidi ya miaka 20 kurejea Ligi Kuu hadi msimu wa 2024/25, wataelewa angalau robo ya maumivu hayo.) Hata hivyo ubishi wa kama hesabu ni bora kuliko macho ya msaka vipaji umepitwa na wakati, kwa sababu leo klabu zote 30 zina idara za uchambuzi wa takwimu, na anayejua hesabu peke yake hana tena silaha ambayo jirani yake hana. Farhan Zaidi mwenyewe ni ushahidi. Chini yake Giants ilishinda mechi 107 mwaka 2021, idadi ambayo haijawahi kufikiwa katika historia ya klabu hiyo, kisha zikafuata 81, 79 na 80 katika misimu mitatu, ofisi ikiwa chini ya mtu yule yule.

Nikija kwenye kundi lako, ndugu msomaji, nitakuwa mkali kidogo, kwa kuwa hoja yenu inavutia kuliko zote na ndiyo inayopotosha zaidi. Kumsifu mgombea kwa makombe ya klabu anakotoka ni sawa na kununua gunia la dagaa kwa kutazama wale wa juu tu, jambo ambalo wewe wa Mwaloni huwezi kulifanya. Chukua Tampa Bay Rays, klabu ya bajeti ndogo ambayo Andrew Friedman aliiongoza kabla ya kuhamia Los Angeles Dodgers mwaka 2014. Walioinukia katika ofisi hiyo walitafutwa sana. Chaim Bloom alichukuliwa na Boston mwaka 2019 na James Click akachukuliwa na Houston Astros mwanzoni mwa mwaka 2020. Wote wawili walitoka shule moja, yenye mbinu zile zile. Miezi michache baada ya kufika, Bloom alimuuza Mookie Betts, nyota mkubwa kuliko wote pale Boston, kwa Dodgers, katika kipindi ambacho wamiliki walitaka kupunguza mzigo wa mishahara. Timu yake ilikaribia fainali mwaka 2021, lakini ilishika mkia wa kundi lake mwaka 2020, 2022 na 2023, naye akafukuzwa. Click alitwaa ubingwa wa World Series mwaka 2022, na siku chache baada ya sherehe akapewa ofa ya mkataba wa mwaka mmoja tu, akaikataa na kuondoka. Mmoja aliondolewa kwa kushindwa na mwingine akaondoka akiwa bingwa, na katika visa vyote viwili huwezi kueleza kilichotokea bila kumtaja mwenye klabu.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa kijiwe chenu ni kwamba muulize maswali mawili kabla ya kuuliza kama mgombea alicheza au alisoma. La kwanza ni maamuzi gani aliyafanya yeye mwenyewe alipokuwa naibu: ni mchezaji gani alimpendekeza wakati wengine walimpuuza, ni mkataba upi aliupinga, ni chipukizi wangapi waliokuzwa na idara aliyoisimamia. La pili ni nani atakuwa na neno la mwisho atakapoingia ofisini. Giants wenyewe ni mfano wa swali hili la pili. Mwezi Septemba 2024, wakati Zaidi bado yuko kitini, mchezaji Matt Chapman alipewa mkataba wa miaka sita wa dola milioni 151, na iliripotiwa kwamba Posey, aliyekuwa mmoja wa wamiliki wenye hisa, ndiye aliyesukuma mazungumzo hayo hadi yakafika mwisho. Mwezi huo ulipokwisha Zaidi alikuwa ameondolewa, na mtu aliyekuwa makini angeweza kuliona hilo kabla halijatangazwa.

Kuhusu Posey, mimi naona uteuzi wake ulikuwa wa busara kwa sababu mbili ambazo hazihusiani na umahiri wake wa kudaka mpira: ana sauti mbele ya wamiliki wenzake, na chini yake, yeye akiwa rais wa shughuli za besiboli, aliwekwa Zach Minasian, aliyekulia katika kazi ya kusaka vipaji, kuwa meneja mkuu. Mechi 81 za ushindi mwaka 2025 hazimsifu wala hazimlaani. Yapo maamuzi mawili ambayo ni yake bila shaka, la kumleta mchezaji Rafael Devers mwezi Juni 2025 na la kumwondoa kocha Bob Melvin ili amchukue Tony Vitello kutoka Chuo Kikuu cha Tennessee, mtu ambaye hakuwahi kufundisha timu ya kulipwa. Hayo ndiyo ya kubishania kila alfajiri, na hilo la Vitello mimi ningeliogopa.

SWALI: Je, yupo mwanamke aliyewahi kushika kazi hiyo, au nayo ni ya wanaume peke yao?
Msomaji, Nansio, Ukerewe

JIBU: Yupo, ndugu msomaji. Kim Ng aliteuliwa kuwa meneja mkuu wa Miami Marlins mwezi Novemba 2020, akawa mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo katika ligi kuu ya besiboli. Alianza mwaka 1990 kama mwanafunzi wa mafunzo kazini katika Chicago White Sox, akapitia Yankees, Dodgers na makao makuu ya ligi, na aliitwa kwenye usaili wa umeneja mkuu mara kadhaa tangu mwaka 2005 bila kupewa kazi, ingawa wasifu wake uliwazidi wengi waliopewa. Mwaka 2023 Marlins ilifuzu hatua ya mtoano, mara ya kwanza katika msimu kamili tangu ilipotwaa ubingwa mwaka 2003. Baada ya hapo mwenye klabu alitaka kuweka kiongozi mwingine juu yake, naye akakataa kuendelea. Msomaji wa Kirumba ataona kwamba hapa pia tatizo lilikuwa nani mwenye neno la mwisho.

SWALI: Mbona siku hizi klabu nyingi zina rais wa shughuli za besiboli na pia meneja mkuu? Mkubwa nani?
Msomaji, Musoma

JIBU: Mkubwa ni rais. Cheo hicho kimeenea kwa sababu klabu kwa desturi humruhusu ofisa wake kusailiwa kwingine iwapo anapandishwa cheo, na hivyo anayetaka kumchukua meneja mkuu wa jirani hulazimika kumpa jina kubwa zaidi. Friedman aliondoka Tampa Bay kwa njia hiyo.

SWALI: Shikamoo mwandishi. Mimi ni mwanafunzi wa takwimu katika Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, Malimbe. Je, mtu wa huku ziwani anaweza kufikia ofisi hizo, au tunajidanganya?
Msomaji, Malimbe, Mwanza

JIBU: Marahaba. Mlango upo, ila ni mwembamba. Farhan Zaidi, ambaye wazazi wake wana asili ya Pakistan, alizaliwa Kanada na kukulia Manila, na aliingia Oakland mwaka 2005 kama mchambuzi wa kawaida akiwa bado mwanafunzi wa uzamivu. Ng'ambo ya ziwa, watoto wa Lugazi nchini Uganda walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za dunia za Little League, yaani besiboli ya watoto, mwaka 2012, na mrushaji Mganda David Matoma amesajiliwa na Pittsburgh Pirates, kwa hiyo wasaka vipaji wanaijua njia ya kuja huku. Jifunze Kihispania, kwa kuwa klabu zote 30 zina vituo vya kulea vipaji katika Jamhuri ya Dominika na wachezaji wengi hutoka huko na Venezuela. Jifunze pia kuandika programu za kuchambua takwimu, maana data za mechi za miaka mingi zinapatikana bure kwenye intaneti. Kisha, kila Julai kabla mlango wa kubadilishana wachezaji haujafungwa, chagua klabu moja, andika ungemtoa nani na ungemchukua nani pamoja na sababu zako, uweke tarehe, na usibadilishe hata neno moja msimu ukimalizika. Ukiwa na maandishi kama hayo ya misimu kadhaa, yaambatanishe na barua yako ya maombi, pamoja na yale uliyokosea.