Kabla hujalipa kodi ya chumba, jaribu njia

Mdogo wangu unayeanza kazi Dar es Salaam, dalali atakuonyesha chumba cha bei nafuu Chanika na kukwambia Posta, katikati ya jiji, ni "hapo tu". Usilipe kodi ya miezi sita siku hiyo. Nenda kituoni Jumatatu, saa kumi na moja na nusu alfajiri, upande gari kama mtu anayewahi kazini. Safari ya Jumapili haikwambii chochote.

Umbali ni sehemu ndogo tu ya uchovu. Unasimama umejipinda, mkono mmoja umeshika bomba, mwingine umekumbatia begi kifuani, na hujui utafika saa mbili au saa tatu. Huko kutojua ndiko kunakomaliza mtu. Mwaka 2004 mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake walichapisha utafiti wa wanawake 909 wa Texas, Marekani, walioeleza walivyojisikia katika kila shughuli ya siku. Safari ya kazini ilishika mkia, hata kazi yenyewe iliipita.

Kwa hiyo tafuta chumba karibu na gari linapoanzia, upate siti. Ukikosa, fanya kama wenyeji: geuza nalo. Unapanda linaloelekea mwisho wa ruti, unalipa nauli mara mbili, unarudi umekaa. Wageni wengi huona ni ufujaji. Mimi naona ni pesa halali kabisa, maana unafika kazini umesinzia kidogo na miguu haiumi. Kimara nako kuna mabasi ya mwendokasi tangu 2016, na njia yake imetengwa, haina foleni ya magari mengine, ingawa mvua kubwa zimewahi kuifunga barabara pale Jangwani. Chumba cha huko kikizidi bei kidogo, piga hesabu ya usingizi kabla hujakikataa.

Jioni ndiyo nzito zaidi. Mtoto anakukimbilia mlangoni, unamkaripia kwa hasira za konda. Kubalianeni nyumbani kwamba ukifika unaoga kwanza, unakula, ndipo mambo ya ada na umeme yaanze.

Na ukishazoeleka ofisini, omba kuingia saa moja utoke saa tisa. Usizungumzie foleni, kila mtu anaijua. Mwambie bosi kwamba simu zikianza kulia saa mbili, ripoti ya jana itakuwa tayari mezani kwake.