Maziwa hayafiki kwenye mapafu (miaka yangu tisa ya kushusha simenti)

Wale mliowahi kushusha simenti mnaijua hii: gari likiisha bosi anatuma dogo akalete maziwa, kila mtu na pakti yake, mnakunywa vumbi bado liko mpaka kwenye kope, mnaambiwa yanasafisha kifua. Nimeyanywa miaka tisa hapa Dar kwenye godauni moja ambalo sina haja ya kulitaja. Sikatai maziwa ni chakula, tena kwa mtu aliyeshinda na mifuko ya kilo 50 begani ni mlo kabisa, ila hebu jiulize, maziwa yanaenda tumboni, vumbi liko kwenye mapafu, yanakutana wapi?

Semi moja tani 30 ni mifuko 600, tuko sita, kwahiyo kila mmoja 100. Na mfuko ukiutua kwa nguvu unapumua, unakutemea usoni lile vumbi laini kabisa. Jioni ukipenga kamasi ni ya kijivu, iliyokauka puani ni ngumu kama kijiwe, ukiitoa inatoka na damu. Jasho likichanganyika na simenti shingo inababuka, maana ile kitu ina ukali kama wa chokaa ikikutana na maji. Mimi shingo nilikuwa naipaka mafuta ya nazi naendelea. Haikuwahi kunijia akilini kwamba huko ndani nako kuna maji maji, na hakuna ngozi ngumu ya kuzuia.

Kikohozi kilianza mwaka wa nne hivi, cha asubuhi tu, natema makohozi mara mbili tatu halafu nakaa sawa. Nikawa nasema ni baridi. Halafu ngazi zikaanza kunishinda, mzigo nabeba vizuri lakini ghorofa ya tatu nafika nahema kama nimekimbizwa. Nikaenda hospitali, wakapima makohozi, TB hakuna. Picha ya kifua, safi. Nikarudi nyumbani na dawa ya maji ya kikohozi na furaha nyingi, na hapa ndo wengi tunapotegwa, kwasababu njia za hewa zinaweza kuwa zimeshabana na picha ikatoka safi kabisa.

Aliyenisaidia ni daktari mmoja aliyeniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza, "unafanya kazi gani?" Akaagiza kipimo cha kupuliza, wenyewe wanaita spirometria. Unavuta pumzi mpaka mwisho, unapuliza kwenye mrija kwa nguvu zako zote mpaka unahisi macho yanatoka, wanaangalia sekunde ya kwanza umetoa hewa kiasi gani kati ya yote uliyonayo. Mtu akiwa chini ya asilimia 70, hata baada ya kuvutishwa dawa ya kufungua kifua, njia zake zimeziba na kuziba kwenyewe si kwa mafua. Mimi nilikuwa chini. Na sijawahi kuvuta sigara.

Kuhusu moyo ndo watu hawaamini. Yale mavumbi madogo kabisa yasiyoonekana kwa macho yanafika mwisho wa mapafu, mwili unapambana nayo, mapafu yanavimba kwa ndani, na ule uvimbe unaenda kusumbua mpaka mishipa ya damu, presha nayo inaweza kupanda. Halafu mapafu yakichoka sana, upande wa kulia wa moyo unalazimika kusukuma damu kwa shida, unatanuka. Mwenzangu mmoja tuliyeanza naye alivimba miguu, ukibonyeza kidole kinaacha shimo, akatumia mwaka mzima mitishamba ya figo na figo zilikuwa nzima, kumbe ni moyo. Sisemi kila presha ni simenti, mimi mwenyewe chumvi naipenda. Ila ukiwa kazi za vumbi kifua kikapimwe na presha ikapimwe siku hiyohiyo.

Sasa barakoa. Ile ya bluu ya enzi za korona haizuii hili vumbi, leso ndo kabisa. Tafuta iliyoandikwa N95 au FFP2, na ibane uso kweli, ukiwa na ndevu nyingi vumbi linapita pembeni unabaki umevaa pambo. Ni kero kwenye joto la Dar, najua, nilikuwa naivua kila baada ya mifuko kumi, lakini angalau usiivue wakati wa kufagia, maana kufagia godauni kavu kavu ni kubaya kuliko kushusha kwenyewe. Nyunyiza maji kwanza. Mafundi mnaokata zege na grinda mwage maji mnapokata, pale inatoka silika, lile vumbi laini la mchanga na mawe, ambayo inaleta kansa ya mapafu na inamfungulia TB mlango. Na nguo usiende nazo nyumbani zikiwa hivyohivyo, mke wangu alikuwa anazikung'uta mlangoni mtoto yuko mgongoni.

Vifaa vya kujikinga ni jukumu la mwajiri, sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ipo tangu 2003, na upimaji wa afya umo humohumo. Ugonjwa wa kazini una fidia pia kupitia WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na mchango anatoa mwajiri, haukatwi kwako. Shida sisi vibarua hatuna karatasi. Nilipoanza kufuatilia ushahidi wangu ulikuwa meseji za malipo kwenye simu, na za miaka mitano ya mwanzo zilipotea na simu ya zamani. We zipige picha, zitume hata kwa ndugu.

Na hicho kipimo cha kupuliza piga simu uulize kabla hujapanda daladala, mimi nilizunguka hospitali tatu, moja mashine ipo ila mtaalamu yuko likizo.