Kabla ya Mashine ya Espreso, Nunua Kinu cha Kusagia

Shemeji yangu anayekaa Mwanga, hapa hapa Kigoma, alinipigia simu wiki iliyopita. Ameona mashine ya espreso mtandaoni, boksi limeandikwa "baa 15", yaani kipimo cha presha, kwa maandishi makubwa, anauliza kama alipie. Nikamuuliza: kahawa utasagia nini? Akanyamaza. Kimya kile nakijua, ndiyo maana nimeona niandike.

Mashine yangu ya kwanza niliinunua Dar es Salaam kwa shilingi 350,000, nikaja nayo Kigoma kwa treni nimeipakata njia nzima. Jioni ile ile nikaweka kahawa ya pakiti kutoka dukani, iliyosagwa kwa ajili ya kuchemsha. Kikombe kilijaa ndani ya sekunde nane. Juu povu zuri, chini maji machungu yasiyo na uzito. Nilidhani mashine mbovu, kumbe kosa lilikuwa kwenye unga.

Espreso ni maji ya moto yanayosukumwa kwa presha ya baa 9 hivi kupita kwenye kahawa iliyoshindiliwa. Kipimo ninachokifuata ni gramu 18 za unga zitoe gramu 36 za kinywaji, kwa sekunde 25 hadi 30. Kinachoyazuia maji yasikimbie ni usagaji zaidi ya kitu kingine. Ukisaga chenga, yanapita kama kwenye changarawe. Ukisaga vumbi, yanakwama. Kati ya hapo nafasi ni finyu sana, na inahama kila unapofungua mfuko mpya wa kahawa. Blenda haiwezi kazi hii, maana inakatakata: chenga na vumbi humo humo. Unataka kinu chenye meno ya chuma kinachorekebishika hatua ndogo ndogo. Cha mkono kilicho kizuri kinatosha kabisa kwa nyumba, na gramu 18 hazikuchoshi.

Zile "baa 15" ni uwezo wa pampu tu, hazikuambii chochote kuhusu kikombe. Halafu chungulia kichujio kinachokuja na mashine za bei ya chini. Mara nyingi kina kuta mbili, na ukuta wa chini una tundu moja dogo kama la sindano. Tundu hilo ndilo linalotengeneza povu, hata kahawa iwe ya mwaka juzi. Uliza kama kuna kichujio cha ukuta mmoja. Kama hakipo, usinunue.

Baada ya kinu ndipo tuje kwenye umeme. Ukiletewa mashine na ndugu kutoka Marekani, soma kibandiko cha nyuma: ya kule ni volti 120, umeme wetu ni 230, na kuichomeka moja kwa moja ni kuiunguza. Yangu ilikuwa ya volti sawasawa, lakini usiku mmoja umeme ulipanda na kushuka, bodi ya ndani ikaungua. Fundi aliifungua, akanionyesha palipoungua, kipuri hakikupatikana. Tangu hapo namwambia kila anayeniuliza achague mashine yenye swichi za kawaida, isiyo na kioo wala kompyuta ndani, na sehemu ya kuchomekea mpini unaobeba kichujio iwe ya milimita 58. Kipimo hicho ndicho kimeenea zaidi, hivyo laba na vichujio vyake ni rahisi kuagiza. Nyingi zinakula wati 1,000 hadi 1,500, kwa hiyo stebilaiza uliyonunulia televisheni haitaimudu.

Na maji. Nani hapa mjini hajawahi kuona ukoko mweupe ndani ya birika? Ukoko huo huo unajijenga kwenye mabomba membamba ya mashine, tofauti ni kwamba huuoni. Mashine ya umeme inataka kusafishwa mara kwa mara kwa asidi ya sitriki, bila uvivu.

Mimi mwenyewe niliishia kwenye mashine ya mkono isiyo na umeme, jamii ya Flair au Cafelat Robot. Unamimina maji ya moto, unakandamiza mpini, presha inatoka kwenye mabega yako. Haina boila wala bodi. Maji nachemsha kwenye gesi, umeme uwepo usiwepo. Ziwa letu la Tanganyika liko mita 770 na ushee juu ya usawa wa bahari, hivyo maji hapa yanachemka kwenye nyuzi 97 hivi. Namimina yakiwa yanatokota, maana chuma kitakula joto lake, lakini kwanza nakipasha chuma chenyewe kwa maji ya moto. Ukiruka hatua hiyo kahawa inatoka kali kama ukwaju.

Kasoro yake ni moja kubwa: haitoi mvuke wa kupigia maziwa. Kwangu tunapasha maziwa kwenye sufuria na kuyapiga kwa mchapo, tunaridhika. Kama nyumba yako ina watu watano wanaotaka kapuchino kila asubuhi, nenda kwenye ya umeme.

Wapo pia wanaotaka kahawa nzito tu ya kunywa na kashata, kama wazee wetu wa Ujiji. Hao birika la moka, lile dogo la jikoni linalopandisha maji kwa mvuke kupita kwenye kahawa, linawatosha. Presha yake haizidi sana baa moja au mbili, kwa hiyo si espreso, lakini ni tamu na halina kipuri zaidi ya laba.

Sisi wa Kigoma tuna bahati ya kijiji cha Kalinzi kuwa hapo juu milimani tu, na kahawa yake ya arabika. Nanunua mbichi, nakaanga mwenyewe, naiacha wiki moja itoe hewa kabla ya kuisaga. Ikisagwa siku ile ile ya kukaangwa inafura na kurusha povu jingi, ladha hakuna.

Shemeji ameiacha ile mashine kwanza, ameagiza kinu. Kinafika na basi Ijumaa. Kahawa ya Kalinzi nimeshamkaangia, leo ina siku ya nne kwenye kopo.