Kazi za ununuzi na ugavi Dubai: jibu langu kwa mnaouliza

Wadogo zangu mliomaliza ununuzi na ugavi, mnaniuliza kila mara kama huku Dubai nafasi zipo. Zipo, ila mlango wake si huo mnaoonyeshwa na mawakala.

Huko nyumbani Tanzania mmefundwa kwa ajili ya serikali: Sheria ya Ununuzi wa Umma, bodi ya zabuni, NeST, yaani mfumo wa serikali wa zabuni mtandaoni. Huku mgeni huajiriwa zaidi na sekta binafsi, yaani wakandarasi, hoteli, hospitali, na makampuni ya eneo huru la biashara la Jebel Ali. Hao hawana haja na vifungu vya sheria yenu. Wanataka kujua kama unawafahamu wauzaji wa vifaa vya viyoyozi, kama unaweza kubana bei bila kuletewa mzigo mbovu, kama unajua hatari ya mzigo inahamia kwa nani ukinunua kwa FOB, yaani muuzaji anaishia kuupakia mzigo melini. Programu za kuendeshea ununuzi na stoo kama SAP au Oracle umeshazigusa? Halafu linakuja swali linalowaangusha wengi: una uzoefu wa Ghuba? Wenzetu wa India, Pakistani na Ufilipino wamezishika ofisi hizi kwa miaka mingi, na nafasi nyingi hujazwa kwa kujuana.

Ndiyo maana wengi wetu huanzia stoo. Mimi pia nilianzia huko na siijutii hata kidogo. Stoo ndiko unakojua muuzaji gani huchelewesha, LPO (hati ya kuagizia bidhaa) ipi ilitolewa mzigo ukaja nusu, na bidhaa gani inakaa hadi kuharibika. Ukihamia meza ya ununuzi baadaye, hakuna wa kukudanganya.

Cheti cha PSPTB, bodi yetu ya wataalamu wa ununuzi na ugavi, kitunzeni, kina heshima yake nyumbani. Kwa waajiri wa huku, CIPS, cheti cha kimataifa cha ununuzi kutoka Uingereza, ndiyo inayotambulika haraka, na mitihani yake unaweza kuianza ukiwa hukohuko.

Msitegemee Saudia kama njia ya pili. Serikali yake imetenga sehemu kubwa ya kazi za ununuzi kwa raia wake. Hata huku Emirati, tangu 2022, makampuni yenye wafanyakazi 50 na zaidi yanatakiwa kuongeza raia kwenye kazi za ujuzi kwa asilimia 2 kila mwaka.

Sasa mkataba, na hapa naomba mnisikilize sana. Sheria ya kazi ya huku ya 2021 inasema gharama za kukuajiri ni za mwajiri. Wakala akidai umlipie kibali cha kazi, achana naye. Tazameni mshahara wa msingi, msidanganywe na jumla yenye posho, kwa sababu kiinua mgongo hukokotolewa kwa ule wa msingi: mshahara wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka 5 ya kwanza. Muda wa majaribio usizidi miezi 6. Na kufanya kazi kwa viza ya matembezi ni kosa, hata bosi akikuahidi kwamba atakubadilishia wiki ijayo.

Mwenye ajira ya kudumu halmashauri asiiache kwa ahadi ya simu. Lakini wewe uliyefanya miaka kadhaa kwa mkandarasi au hotelini, unayewajua wauzaji na mfumo, tuma maombi ukiwa nyumbani. Subiri barua ya ajira yenye mshahara ulioandikwa, ndipo ukate tiketi.