Breki za Nyuma Zinalia, Nifanyeje? Maswali na Majibu

Wiki hizi maswali ya breki yamekuwa mengi, na karibu yote ni ya nyuma ya gari: inalia, inakwaruza, inagonga. Magari mengi tunayoendesha yameshapita miaka 15, mengine 20 na zaidi, na nyuma yana breki za dramu, lile bakuli la chuma linalozunguka pamoja na tairi. Pedi za mbele utaziona ukichungulia kwenye matundu ya rimu. Viatu vya breki, ambavyo dukani wanaviita breki shuu, vimefungiwa ndani ya dramu na havionekani mpaka mtu afungue. Ndiyo maana mbele hubadilishwa mara tatu nne wakati nyuma hakuna aliyegusa. Nimechagua maswali matano.

Nina Corolla 110, nakaa Tanga karibu na bahari. Asubuhi nikitoka nyumbani nyuma inakwaruza kama mtu anaparua sufuria. Nikifika barabara kubwa kimya. Je, ni ugonjwa?

Hapana. Ndani ya dramu ni chuma kitupu, hakina rangi. Usiku wa unyevu, na hiyo hewa ya chumvi, kinashika kutu nyembamba ambayo inasuguliwa ikaisha ukikanyaga breki mara chache. Ukiosha gari jioni, zunguka nalo kidogo huku ukikanyaga breki zikauke, ndipo uegeshe.

Cha kuangalia ni gari linalokaa wiki mbili tatu likiwa limevutwa hendibreki. Viatu vinaweza kugandana na dramu. Ukiondoka kwa nguvu linaachia kwa kishindo, na kishindo hicho kinaweza kubandua lainingi, ule utando mgumu unaosugua dramu, kutoka kwenye kiatu chake. Gari la kukaa liegeshe mahali tambarare, weka gia au P, zuia tairi kwa tofali mbele na nyuma, hendibreki iache chini.

Shikamoo fundi. Nina Probox. Mwezi uliopita nilibadilisha viatu vya breki vya nyuma, vipya kabisa, lakini nikikanyaga breki taratibu zinapiga mluzi mpaka abiria wa kituoni wanageuka. Fundi wangu anasema nivumilie, vitazoeana. Nivumilie mpaka lini?

Marahaba mwanangu. Mwezi umetosha. Viatu vipya hulia siku za mwanzo kwa sababu havijakaa sawasawa na mviringo wa dramu, lakini baada ya kilomita mia mbili tatu vinapaswa kuwa vimetulia. Visipotulia, tatizo halimo kwenye viatu, limo kwenye vitu vilivyoachwa vya zamani.

Mluzi ni mtetemo. Lainingi inashika dramu, inateleza, inashika tena, mara nyingi mno kwa sekunde moja, na dramu inaupokea mtetemo huo kama kengele. Kwa hiyo tafuta kinachokiruhusu kiatu kutetemeka.

Mwambie fundi afungue tena, nawe uwepo. Gari liwe tambarare, matairi ya mbele yamezuiwa, hendibreki imeachiwa, gari limekaa juu ya stendi na si jeki peke yake. Dramu ikigoma kutoka asiipige nyundo ya chuma. Kwenye uso wa dramu za Toyota nyingi kuna matundu mawili madogo yenye nyuzi. Aingize humo bolti mbili za milimita 8, zile za spana namba 12, azikaze kwa zamu, nusu mzunguko huku, nusu mzunguko kule. Dramu itajisukuma yenyewe.

Ikitoka, pitisha kidole ndani yake. Ukisikia mitaro, au ukingo uliosimama kama mdomo wa sahani, dramu imelika. Kuna namba imechongwa kwenye chuma chake: dramu yenye kipenyo cha ndani cha milimita 200 kwa kawaida mwisho wake ni 201. Ikiwa bado haijafika huko, ipelekwe kwa mwenye mashine ya kukereza ainyooshe. Ikiwa imefika, nunua nyingine. Kufunga viatu vipya kwenye dramu ya mitaro ni hela ya bure, maana vinagusa huku na huku tu.

Kisha tazama bamba la nyuma, lile ambalo viatu vimeegemea. Lina vituo vilivyoinuka, kwa kawaida vitatu kwa kila kiatu. Hapo ndipo penye siri ya kelele nyingi, na ndipo panaposahaulika. Vikikauka, kiatu kinalalamika kila kikisogea. Vikichimbika, kiatu kinanasa na kuachia, utasikia "tak" mara ya kwanza unapokanyaga breki baada ya kurudi rivasi. Visuguliwe kwa msasa, vipakwe grisi ya kuhimili joto kali, tone dogo kila kimoja. Grisi ya kawaida ikipata moto inayeyuka na kutiririkia kwenye lainingi.

Mwisho springi. Niliwahi kuletewa gari lililobadilishwa viatu mara mbili ndani ya miezi sita na bado linapiga kelele. Springi zilikuwa zile zilizokuja nalo kutoka Japani, zimefubaa, moja imenyooka mguu kiasi kwamba niliitoa kwa vidole bila koleo. Springi iliyochoka hairudishi kiatu mahali pake. Seti nzima huuzwa kwa bei ndogo kuliko viatu, na inaniuma kuona watu wanaiacha. Ajasta, yaani skrubu zinazotanua viatu kadiri vinavyolika, nazo zisichanganywe: nyuzi za kushoto na za kulia huzunguka tofauti, na ukizibadilisha pande, badala ya kutanua viatu zinavibana.

Yakishafanyika hayo, kingo za mwanzo na mwisho wa lainingi zipigwe msasa ziwe na mteremko mdogo zisije zikajichoma kwenye dramu. Ukinisikiliza, utanyamazisha huo mluzi bila kununua viatu vingine.

Fundi wa mtaani kwetu alifungua nyuma, akaosha kila kitu kwa petroli, akapaka grisi kidogo juu ya lainingi "zisilie". Kweli zimenyamaza, lakini nikifunga breki gari linavuta upande mmoja. Kuna uhusiano?

Upo, dada yangu, na nakuomba gari hilo usiliendeshe mpaka lifunguliwe. Zimenyamaza kwa sababu hazishiki. Kazi ya lainingi ni kusugua, na grisi imeiondolea kazi yake. Upande uliopata grisi nyingi unateleza, wa pili unashika, na siku ya mvua nyuma inaweza kukuzungukia.

Lainingi iliyokunywa grisi haioshiki ikapona. Ukiipasha moto mafuta yanatoka juu, kesho yanarudi. Badilisha viatu pande zote mbili kwa pamoja. Halafu chunguza wili silinda, ile pampu ndogo inayosukuma viatu, kwa sababu mipira yake imetengenezwa kukaa na mafuta ya breki, na petroli huivimbisha. Inua ukingo wa kile kifuniko cha mpira. Ukikuta unyevu ndani, hiyo silinda imeshaanza kuvuja. Kuosha sehemu za breki kunatosha maji ya sabuni, au dawa maalumu ya kusafishia breki inayouzwa kwenye makopo ya kupuliza.

Na jambo moja kwa mafundi wanaosoma hapa: vumbi la ndani ya dramu msilipulize kwa upepo wa kompresa. Lainingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake huleta kansa ya mapafu. Lilowesheni kwanza, mlifute kwa kitambaa, kitambaa kitupwe. Vijana wanaojifunza kazi gerejini ndio huinamia dramu hizo kutwa nzima.

RAV4 yangu ina diski nyuma. Inalia "sii sii" nikitembea, nikikanyaga breki inanyamaza. Kawaida si kinyume chake?

Pedi nyingi zina kipande chembamba cha bati kilichowekwa makusudi. Pedi ikikaribia kwisha, bati linagusa diski na kulia ili ujue. Ukikanyaga, linabanwa na mara nyingine hunyamaza. Kwa hiyo anza kwa kupima pedi.

Zikiwa nene, na kama unapita barabara ya changarawe, tazama kati ya diski na kile kinga-vumbi cha bati nyuma yake. Kokoto moja ikikwama hapo inatosha kukukosesha usingizi. Fahamu pia kwamba ndani ya diski hiyo kuna dramu ndogo yenye viatu vidogo vya hendibreki. Wengi hawajui kama vipo, navyo vikilegea huimba.

Nina Hiace ya zamani. Nyuma kulia kunasaga chuma kwa chuma, rimu inakuwa ya moto, na ndani ya tairi kumelowa. Ijumaa nashuka na abiria kutoka Iringa kwenda Morogoro. Naweza kusukuma mpaka mwisho wa mwezi?

Kaka yangu, hapana. Utashuka mlima wa Kitonga. Lori liko mbele yako, bonde liko pembeni, na gari limejaa watoto wa watu. Lainingi mpya ina unene wa milimita 4 au zaidi, na ikibaki 1 inatakiwa kutolewa. Wewe imekwisha kabisa, unasimamisha gari kwa chuma cha kiatu, na hicho kinachimba dramu kila ukikanyaga.

Kulowa ndiko kunakonitia hofu zaidi. Chovya kidole, sugua. Kama ni kimiminika chepesi, na chupa ya mafuta ya breki imepungua, wili silinda inavuja. Kama ni kizito chenye harufu ya yai viza, ni oili ya difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli ya nyuma, iliyopita kwenye oili sili, mpira wa kuzuia oili, ya ekseli. Ikiwa ni ya difu, kabla ya kufunga sili mpya angalia kipumulio kilicho juu ya difu. Kikiziba kwa tope, presha ya joto inasukuma oili nje, na sili mpya itavuja kama ya zamani. Tikisa pia ekseli juu na chini. Beringi iliyochoka ndiyo inayoua sili.

Badilisha viatu pande zote mbili, dramu ya kulia ikaguliwe, upepo ulioingia kwenye mabomba ya breki utolewe. Kisha lijaribu bila abiria kwenye barabara tambarare, ulisimamishe mara kumi, ushuke na kusogeza kiganja karibu na kila rimu ya nyuma bila kuigusa. Joto la kulia likilingana na la kushoto, mpigie simu anayekata tiketi. Lisipolingana, Ijumaa abiria wapande gari jingine.